Kijana wa Kwenye Simu ya Lifti

Kazini walimwita Kufuli. Hawakumwita hivyo usoni, lakini jina la aina hiyo halihitaji kuitwa usoni, linamfikia mwenyewe kwa njia zake. Alikuwa kijana mrefu, shati limechomekwa vizuri, na mdomo wake ulifunguka kwa mambo mawili tu: kula na kutaja hitilafu. Ukimuuliza habari za asubuhi alikujibu "nzuri," basi, na wewe uliyeuliza ndiye uliyebaki unatafuta pa kutokea.

Tusimwonee. Chuo kikuu alimaliza uhandisi wa umeme kwa daraja la kwanza, na katika miaka yote ile hakuna mwalimu aliyempa maksi kwa kuongea wala aliyemkata kwa kunyamaza. Mtihani hausalimiwi. Unaketi, unageuza karatasi, unaandika, unatoka. Kijana akaamini, na nani wa kumlaumu, kwamba na kazi itakuwa hivyo hivyo: atapewa tatizo, atalitatua, kisha ataachwa akae kwa amani zake. Waliomfundisha walijua kwamba sivyo ilivyo, lakini hilo halikuwa kwenye mtaala, na wao hawakuwa watu wa kutoka nje ya mtaala.

Kampuni ya lifti ilimchukua kwa kipindi cha majaribio. Akifaulu, angethibitishwa kuwa mhandisi. Akishindwa, angeshukuriwa na kuonyeshwa mlango. Kuthibitishwa alikutaka kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mama yake huko nyumbani alikuwa amekwisha kumtangazia kila mtu, kuanzia shangazi hadi muuza mkaa, kwamba mwanawe ni mhandisi. Hakusema "wa majaribio." Mama gani atasema hivyo?

Na kazi aliiweza. Alikuwa akisimama nje ya chumba cha mashine, bado mlango umefungwa, akainamisha kichwa kidogo asikilize, kisha akasema, "Breki ya kushoto," na ukifungua unakuta ni breki ya kushoto. Fundi mkuu, aliyeota mvi katika kazi hiyo, alikuwa akimtazama kwa furaha na wivu kidogo.

Kilichomponza ni watu. Siku moja lifti ya jengo la ofisi ilikwama na watu ndani. Kufuli alifika haraka, akafungua mlango kwa ufunguo wake, na wale watu wakabaki wanamtazama huku jasho likiwatiririka, mama mmoja akitetemeka mpaka mkoba unatetemeka naye. Walikuwa wakingoja neno. Pole, hata kama ni ya uongo. Yeye aliangalia kizingiti.

"Tokeni," alisema. Na walipokuwa wakitoka: "Nani kati yenu ameuzuia mlango kwa mguu?"

Malalamiko yalifika ofisini kabla yake. "Ametutoa kama magunia," alisema aliyepiga simu, na msimamizi, mwanamke wa makamo asiyependa kupoteza wateja, akamwita.

"Lifti umeitengeneza?"

"Ndiyo."

"Na watu je?"

Kufuli alifikiri. "Watu hawakuwa na hitilafu."

Msimamizi alijishika kichwa. Wiki iliyofuata wafanyakazi wapya wote wakapelekwa kwenye mafunzo ya stadi laini, yaani namna ya kuishi na watu. Jina hilo nalo! Ukilisikia utadhani watu wanafundishwa kuchagua magodoro. Mkufunzi, bwana mmoja wa suti ya buluu, aliwapanga wawili wawili, watazamane machoni, kila mmoja amsimulie mwenzake jambo lililomfurahisha wiki hiyo. Kufuli aliangukia kwa dada wa mapokezi, ambaye alisimulia harusi ya binamu yake kuanzia posa mpaka viatu vilivyombana. Zamu ya Kufuli ikafika. Macho ya yule dada yalikuwa makubwa, mazuri, na yalikuwa yanangoja. Chumba kizima, ilimjia hivyo, kilikuwa kinangoja.

"Jumatano," alisema mwishoni. "Breki."

Watu wakavunjika mbavu. Dada wa mapokezi alijitahidi kujizuia, akashindwa, na kuanzia siku hiyo kijana akawa Kufuli. Wengine waliongeza "domo zege," lakini Kufuli ndilo lililoshika.

"Nakupeleka chumba cha simu," msimamizi alimwambia baada ya hapo. "Ukajifunze watu. Ukiwaweza, utathibitishwa. Usipowaweza, mimi sina la kufanya."

Chumba cha simu kilikuwa nyuma ya ofisi, hakina dirisha. Kila lifti ya kampuni ilikuwa na kitufe chenye picha ya kengele. Ukikibonyeza ukiwa ndani, taa inawaka katika chumba hicho, na aliye zamu anakuitikia kupitia spika ndogo iliyo juu ya vitufe. Mezani walikuwa wamebandika maneno ya kusema: Pole sana. Tunaelewa hali yako. Fundi yuko njiani. Kufuli aliyasoma kama mtu anayesoma tangazo la ng'ombe aliyepotea.

Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa nyumba ya pili. Alikuwa na kitanda, jiko, kiti kimoja. Kiti kimoja, kwa sababu cha pili kingekuwa cha nani? Kupitia ukuta alisikia redio ya jirani na kicheko cha mke wa jirani, akajua siku zao za kugombana na siku zao za kupatana, na wakikutana koridoni waliinamishiana vichwa tu. Jumapili mama yake alipiga simu.

"U mzima?"

"Mzima."

"Kazi?"

"Inaendelea."

"Haya, mwanangu."

Na baada ya hapo walisikilizana wakipumua, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kukata. Alimpenda mama yake kupita kiasi. Hakuwa na neno hata moja la kumwonyeshea hilo, na ilimuuma.

Siku moja alasiri taa ikawaka. Ghorofa tisa, jengo la makazi, lifti ya zamani.

"Kituo cha dharura. Pole sana. Tunaelewa hali..."

"Hamsalimii huko kwenu?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, mtu mzima sana, haina haraka yoyote. Kufuli alitazama maneno yaliyobandikwa. Salamu haikuwamo.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hapo sawa. Haya, lifti imekwama."

Alisikiliza. Nyuma ya ile sauti mota ilikuwa inanguruma vizuri, haina kikohozi wala kigugumizi. Ikapunguza mwendo, ikasimama. Milango ikafunguka, ikangoja, ikaanza kufunga.

"Mama, lifti haijakwama. Umefika juu, mlango umefunguka, na sasa unafunga kwa sababu hukutoka."

Alisikia kandambili zikigeuka huku na huku.

"Unaniona?"

"Nasikia."

"Makubwa," alisema mama. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya chungu, "Nilitaka tu kujua kama kitufe kinafanya kazi."

"Kinafanya."

"Haya. Na wewe, umeshakula?"

Hapo alipaswa kukata. Lakini swali lilikuwa limemkuta vibaya. Tangu ahamie mji ule hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Bado."

"Saa hizi? Utakula nini?"

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Mkate."

"Mkate kwa mkate," mama alisema, akacheka, na Kufuli alisikia kitu kikimtoka puani ambacho, baada ya kukichunguza, aligundua kuwa ni kicheko chake mwenyewe.

Kila simu ilipokwisha, aliye zamu alitakiwa kuchagua sababu kwenye kompyuta. Ya huyu mama ilikuwa wazi: simu isiyo na sababu. Ila simu za namna hiyo zikijirudia, mwenye jengo huandikiwa onyo, na mlinzi hutumwa kwenda kumsema aliyepiga. Kufuli alimwona kichwani mwake mlinzi akigonga mlango wa mama mtu mzima kumgombeza kwa kosa la kumuuliza mtu kama amekula. Akateremsha kidole hadi kwenye sababu nyingine: mlango umegoma, umerudi wenyewe. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na aliusema bila kufungua mdomo.

Mama alirudi tena, na tena. Alipiga akitoka dukani, lifti inapanda, na ikifika juu alibaki ndani wakaendelea. Alikuwa mshonaji zamani, macho yakachoka na cherehani, sasa anafuma kwa sindano mbili ambazo hazihitaji macho. Mumewe alikuwa amefariki. Watoto walikuwa nchi za watu na walimpigia wakikumbuka. Majirani wa ghorofa ile walikuwa watu wazuri, alisema, wazuri sana, ila wanaishi nyuma ya milango. "Naogopa kuwagongea," alisema. "Watauliza nataka nini. Nami sitaki kitu."

Kufuli alimwelewa mpaka kwenye mifupa. Na jambo la ajabu ni kwamba kwa mama huyu ulimi wake ulikuwa mwepesi. Alimwambia kuhusu ukuta mbele ya dirisha lake. Alimwambia kuhusu Jumatano na breki, na mama akacheka mpaka akakohoa. Kati yao kulikuwa na chuma, nyaya na mji mzima, na hapakuwa na macho ya kumngoja. Macho ndiyo yaliyokuwa yakimfunga siku zote. Hakuwahi kulijua hilo mpaka alipopata mahali pasipo na macho.

"Nafuma sweta ya mjukuu wangu," mama alimwambia siku moja. "Nimemwona kwenye picha tu. Sijui hata mabega yake yako vipi. Wewe ni rika lake. Una mabega mapana?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ndiyo nini? Jipime. Shibiri kutoka bega hili mpaka lile."

Kufuli alijipima shibiri pale kitini, mkono umepinda nyuma ya shingo, mwenzake wa meza ya pili akimkodolea macho.

"Mbili na vidole vitatu."

"Basi nitamfumia hizo. Mbaya mbaya itamtosha mtu."

Aliwahi kumkaribisha. "Siku moja panda uione hii lifti unayoisikia. Utakunywa chai." Kufuli aliahidi, na Jumapili moja akaenda kweli, shati limepigwa pasi. Alisimama ng'ambo ya barabara akalitazama jengo hadi ghorofa ya juu, kwenye dirisha lenye pazia la maua ambalo aliamua ni lake. Alijua kabisa kitakachotokea: mlango utafunguka, macho yatamngoja, naye atasema "nzuri." Mama angempoteza yule kijana wa kwenye simu na kupata Kufuli badala yake. Akageuka akarudi nyumbani, akala mkate.

Lakini chumba cha simu kilibadilika. Watu wa kweli waliokwama kweli walianza kumpata mtu mwingine. Mwanamume mmoja, gizani katikati ya ghorofa mbili, alikuwa anapiga kelele kwamba anakufa. Kufuli aliacha maneno ya mezani.

"Umebeba nini mkononi?"

"Nini?"

"Mkononi. Umebeba nini?"

"Keki," yule mtu alisema, akihema. "Ya mwanangu."

"Ina rangi gani?"

Wakaongea habari za keki na za mtoto, kwamba mtoto anapenda sana malai ya juu na hataki keki yenyewe, mpaka fundi akafika na kufungua mlango. Yule mtu alipiga simu ofisini kesho yake, si kulalamika, bali kuuliza jina la aliyemwongelesha. Wengine wakafuata. Msimamizi alidhani kuna makosa. Aliketi siku nzima nyuma ya Kufuli akimsikiliza, na alipoinuka aliitazama ile sura iliyofungwa kama aliyeona jiwe linaimba.

Ikaamuliwa awafundishe wafanyakazi wapya. Walikusanywa ukumbini, wote na vyeti vyao vipya, na Kufuli akapanda mbele. Macho yakamtazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Alimnong'oneza msimamizi jambo, akatoka, na watu wakadhani ameshikwa na tumbo. Baada ya muda sauti yake ikasikika kutoka kwenye spika ya ukumbi. Alikuwa ameketi chumba cha simu, peke yake, mlango amefunga.

"Habari zenu," spika ilisema, kwa sauti tulivu, yenye joto. "Mtu aliyekwama hataki kwanza kujua fundi yuko wapi. Anataka kujua kama kuna anayejua kwamba yeye yuko humo."

Aliongea vizuri sana. Walicheka alipotaka wacheke, wakanyamaza alipotaka wanyamaze, na mwishoni wakaipigia spika makofi. Mkufunzi wa suti ya buluu alisema huo ni ubunifu wa hali ya juu na akaomba ruhusa ya kuuiga. Hakuna aliyekwenda nyuma kufungua mlango na kumpa mkono.

Kipindi cha majaribio kilipokwisha, msimamizi alimwita.

"Umethibitishwa," alisema, na kwa mara ya kwanza alimtabasamia. "Tangu leo wewe ni mhandisi. Na kazi yako ya kwanza nimekuchagulia mwenyewe. Kuna lifti moja ya zamani, jengo la makazi, ghorofa tisa. Rekodi zinaonyesha mlango wake unagoma kila mara. Wewe mwenyewe ndiye uliyeziandika, nadhani unaifahamu kuliko sisi wote. Mwenye jengo amechoka. Tunabadilisha paneli nzima ya vitufe."

"Paneli," Kufuli alisema.

"Ile mpya. Kitufe hakipigi simu mpaka lifti ikwame kweli katikati ya ghorofa. Ikiwa nzima, inajibu yenyewe. Watoto wamezidi kuchezea vitufe." Msimamizi akamwangalia. "Kuna jambo?"

Lilikuwapo jambo. Angesema: mlango ule haukugoma hata siku moja, niliandika uongo, kuna mama mtu mzima mle anapiga ili apate wa kuongea naye, na mimi nilipokea ili nipate wa kuongea naye. Angesema hivyo, na uthibitisho ungerudi mezani pale pale, kwa maana hakuna kampuni inayothibitisha mtu anayezua hitilafu za lifti. Alimfikiria mama yake, shangazi, muuza mkaa. Msimamizi alikuwa anangoja, na macho yake hayakuwa mabaya.

"Hapana," alisema.

Alikwenda asubuhi, na paneli mpya ndani ya sanduku. Alianzia chumba cha mashine juu ya paa, akashuka hadi ghorofa ya tisa, akafunga lifti hapo mlango ukiwa wazi, akatundika kibao cha kuomba radhi. Alikuwa amekwisha kufungua skrubu za kwanza aliposikia komeo nyuma yake, kisha kandambili, kisha kigoda kikiburutwa sakafuni.

"Habari za kazi, fundi," ilisema ile sauti.

Hakugeuka. Aliinua mkono wenye bisibisi, kama watu wanavyosalimia wakiwa na shughuli.

"Mm."

"Nitakaa hapa nikutazame, kama si usumbufu. Leo hakuna kwenda dukani mpaka umalize."

Aliketi. Sindano zikaanza kugongana taratibu. Katika kioo cha lifti Kufuli alimwona: mwanamke mdogo wa umbo, mdogo kuliko sauti yake, kitambaa kichwani, na mapajani sweta ya kijivu iliyokaribia kwisha. Kufuli akaangusha skrubu.

"Hii lifti haina ugonjwa," mama alisema. "Mimi ndiye ninayeipanda, najua."

"Mm."

"Mnabadilisha nini hasa?"

Akaonyesha vitufe kwa kidole.

"Na hicho cha kengele?"

Akatikisa kichwa kukubali, kwamba na hicho pia.

Sindano zilisimama, zikaendelea. "Kuna kijana wenu huko, wa kwenye simu," alisema. "Sijawahi kuona kijana anayeongea vizuri kama yule. Ananisikiliza mpaka naona aibu. Unamjua?"

Kufuli alikuwa na maneno. Yalikuwa yamejaa kifuani. Shikamoo mama, ni mimi, nisamehe, nitakuja kunywa chai, nitakuja kila Jumapili. Akigeuka tu, yangetoka. Akigeuka tu, macho yangekuwapo, na yangekuwa ya mtu anayetaka kujua kwa nini anayeongea vizuri ndiye aliyetumwa kumkatia simu. Alikaza skrubu ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

"Wewe si mwongeaji," mama alisema, bila ubaya. "Si neno. Kila mtu na Mungu alivyomjalia."

Paneli mpya ilikaa vizuri. Iling'aa. Sasa ilibaki kuijaribu, na majaribio ni kubonyeza kile kitufe lifti ikiwa nzima, ili ihakikishwe kwamba hakipigi popote. Alibonyeza. Sauti ya mwanamke asiye na umri ikatoka juu ya vitufe.

"Lifti inafanya kazi. Asante."

Mama aliacha kufuma kabisa.

"Na yule kijana?" aliuliza.

Hilo halikujibika kwa mkono wala kwa kichwa. Kufuli alijaribu kuifanya sauti yake iwe nene.

"Amehamishwa."

Neno moja. Likabaki pale koridoni. Kufuli aliinama akaanza kukusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akivipanga kwenye sanduku kwa uangalifu usiokuwa na haja. Alisikia kigoda kikisogea. Alisikia kandambili zikija, zikavuka kizingiti, zikasimama nyuma yake.

"Simama wima kidogo, fundi," mama alisema. "Nina sweta hapa, sina wa kuipimia."

Akasimama. Mikono midogo ilimtandazia sufu mgongoni, kutoka bega hili mpaka lile, ikanyoosha, ikabonyeza pembeni ambapo mkono unaanzia. Sweta ilikaa pale pale ilipotakiwa kukaa. Haikupungua, haikuzidi. Mikono ile haikuondoka mara moja. Ilibaki juu ya mabega yake, bila uzito, na Kufuli alifumba macho. Hakukumbuka ni lini mtu mara ya mwisho alimgusa.

"Ya kawaida," mama alisema taratibu.

Kama alimtambua, hakusema, na mimi sitamsemea. Alikunja sweta, akarudi kwenye kigoda chake.

"Huko alikohamishwa, ni kupanda cheo?"

"Ndiyo."

"Nilijua atapanda. Ukimwona msalimie. Mwambie sweta imekaa vizuri."

"Zitamfika," Kufuli alisema, akitazama sakafu.

Alibeba sanduku, akaondoa kibao, akaingia ndani na kubonyeza chini. Milango ilianza kufunga. Mama alikuwa ameketi, uso ameuinua, hakupunga mkono wala kugeuka pembeni, anamtazama tu kwa yale macho yaliyochoka na cherehani. Milango ikakutana, chuma kikawa kati yao, na pale pale, kama ilivyokuwa siku zote, ulimi ukafunguka.

"Shikamoo mama," alisema, na ilikuwa sauti yake yenyewe, ile ya kwenye simu. "Ni mimi. Mama, ni mimi."

Lakini lifti ilikuwa imekwisha kuondoka. Ilishuka moja kwa moja mpaka chini, haikusita popote, kwa kuwa haikuwa na hitilafu hata moja.